Ikaria wakati wa baridi: Meli isipokuja, jirani hubisha hodi

Mwezi Januari katika bandari ya Evdilos, kisiwani Ikaria nchini Ugiriki, swali la kwanza la asubuhi ni meli. Itatoka Piraeus au haitoki? Upepo ukifika kiwango cha 8 katika kipimo cha Beaufort, yaani zaidi ya kilomita 60 kwa saa, kwa kawaida meli za abiria huzuiwa kuondoka. Mizigo na wageni husubiri ng'ambo mpaka bahari itulie.

Kisiwa hiki chenye watu zaidi ya 8,000 kipo mashariki mwa Bahari ya Aegean. Duniani kinasifika kwa wazee wake, ambao wengi wao hutajwa kufikisha miaka 90 na zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Athens waliwachunguza wakazi, wakiwemo wenye umri wa zaidi ya miaka 80. Waliwakuta wakijishughulisha kila siku, wakilala kidogo mchana na kukutana na wenzao mara kwa mara.

Watalii wengi huja Julai na Agosti kwa ajili ya fukwe na ngoma za usiku kucha. Baridi ikiingia, hoteli nyingi hufungwa. Hata hivyo, chakula kinachosifiwa sana huonekana vizuri wakati huu. Kiangazi cha huko ni kikavu, na mvua za baridi ndizo zinazootesha mboga za porini ziitwazo horta. Watu huzichuma milimani kama sisi tunavyochuma mnavu au mchunga kando ya shamba. Huchemshwa, zikatiwa mafuta ya zeituni na limau, zikaliwa pamoja na maharage au dengu.

Kwa mzazi anayesafiri na mtoto, baridi ina upande mwingine. Homa ikipanda usiku Evdilos, hospitali ya kisiwa ipo Agios Kirykos, upande wa pili wa safu ya milima ya Atheras yenye urefu wa zaidi ya mita 1,000. Barabara ina kona nyingi. Mgonjwa anayehitaji huduma kubwa zaidi hupelekwa nje ya kisiwa, na upepo uleule uliozuia meli unaweza kuzuia ndege pia.

Kwa hiyo mzazi afungashe kwa kuhesabu siku za kukwama. Dawa za kila siku, kama za pumu au kisukari, zizidi siku za safari kwa angalau wiki moja. Abebe kipimajoto, dawa ya homa inayolingana na uzito wa mtoto na chumvichumvi za kuzuia kuishiwa maji mwilini. Namba ya gari la wagonjwa Ugiriki ni 166, na ya dharura zote ni 112. Chemchemi za maji moto za Therma zinavutia siku za baridi, lakini mjamzito au mwenye mtoto mdogo amuulize daktari kabla ya kuingia.

Wenyeji nao hujiandaa. Kuni hupangwa, mafuta ya zeituni hujazwa, na kijijini watu hupitiana majumbani. Mzee anayeishi peke yake asipoonekana nje, kuna anayebisha hodi. Mgeni aliyekosa meli naye huambiwa akae mezani, ale kilichopo.

Katikati ya Januari mara nyingi huja siku chache za jua na bahari tulivu, ambazo Wagiriki huziita siku za alkioni. Meli hutia nanga na wageni huondoka na asali ya kisiwa mikobani. Watoto waliokwama huko wiki nzima watakuwa wamejifunza pia kumpitia bibi wa jirani kabla giza halijaingia. Hilo wanaweza kuliendeleza nyumbani kesho yake.