Macho yasema hivi, masikio yasema vile

Leo siandiki kuhusu programu mpya. Naandika kuhusu gari na tumbo langu. Vumilia kidogo ndugu msomaji, kompyuta itaingia tu.

Gari hunilevya tangu utotoni. Nikikaa nyuma kwenye matatu, haichukui muda mate kujaa mdomoni, jasho baridi kunitoka na roho kuchafuka. Nimeambiwa ni woga. Nimeambiwa nitazoea. Ni kweli kwamba hali hii huwasumbua zaidi watoto na wengi huachana nayo wakikua, lakini mimi nina ndevu na bado natapika.

Kilichonisaidia ni kuelewa hitilafu yenyewe iko wapi. Ndani ya kila sikio mna vijia vitatu vya nusu duara vyenye majimaji, vinavyopima jinsi kichwa kinavyozunguka. Gari likikata kona, sikio linatoa taarifa: tunageuka. Macho nayo, yakiwa kwenye simu au mgongo wa kiti cha mbele, yanasema: tumetulia. Wewe unayeandika programu unajua shida ya vihisi viwili kuleta data zinazopingana!

Nadharia hii ya hisi kugongana ilielezwa na Reason na Brand katika kitabu chao cha mwaka 1975. Mwaka 1977 Michel Treisman akaongeza dhana yake: ubongo huona mgongano huo ukadhani umekula sumu, basi unaamuru tumbo liitoe. Hiyo bado ni dhana. Lakini inajulikana kwamba watu ambao viungo hivyo vya sikio havifanyi kazi kabisa hawapati kichefuchefu cha safari. Dereva naye husumbuka mara chache, maana anaijua kona kabla haijafika.

Kwa hiyo si woga. Na kwa kuwa masikio siwezi kuyazima, nabadilisha kile macho yanachokiona.

Kwangu jambo hili si la mzaha. Mama yangu yuko Wundanyi, na kila mwezi naenda kumpeleka kliniki. Daktari akieleza dawa, mimi ndiye wa kusikiliza na kukumbuka. Dawa za safari kama cinnarizine na promethazine husaidia zikimezwa kabla ya kuondoka, ila huleta usingizi. Nikizimeza nafika kwa Mama kichwa kizito, nasinzia kwenye benchi kama mgonjwa ni mimi.

Basi utaratibu wangu ni huu:

1. Nairobi hadi Voi napanda treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Haina kona kali, na tumbo langu linaivumilia.

2. Voi nangoja matatu yenye nafasi mbele. Namwambia kondakta, “Kaka, nipe kiti cha mbele, la sivyo sote tutajuta.” Hajawahi kubisha.

3. Kuanzia Mwatate, barabara inapopanda milima ya Taita, macho yako mbali barabarani. Kona nikiiona mapema, mwili haushtuki.

4. Nakula kidogo. Tumbo tupu ni baya, na tumbo lililojaa chapati ni baya zaidi.

5. Nabeba kopo lenye kifuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, na ya karatasi, niamini, haifai kazi hii.

6. Simu inakaa mfukoni. Mwaka 2024 Apple walitoa iOS 18 yenye vidoti pembeni mwa kioo vinavyosogea gari linavyosogea, ili macho yapate habari ile ile ya masikio. Wazo zuri sana. Nimeijaribu kwenye simu ya rafiki: barabara iliyonyooka nilisoma ujumbe mfupi bila shida. Kona za Wundanyi? Hapana, asante.

Sijapona, na kopo bado nalibeba. Lakini siku hizi nafika kwa Mama nikiwa macho.

Na kama una mtoto anayetapika garini, tafadhali usimgombeze wala usimpe simu ya kumtuliza. Mkalishe anapoweza kuona nje, umwonyeshe milima iliyo mbali.