Wajumbe 37 Kati ya 60

Kwa miaka 27 kazi yangu ilikuwa kuandika muhtasari wa vikao vya madiwani. Nilianza 1985, serikali za mitaa zilizofutwa 1972 zikiwa ndiyo kwanza zimerudishwa, nikastaafu 2012. Karani wa vikao hukaa meza ya pembeni. Hapigi kura wala haombwi maoni, lakini kikao kikifungwa yeye ndiye mwenye orodha ya nani alikuwepo na nani hakuwepo. Sasa nipo nyumbani Murangi, nalima mihogo, na jioni nateremka mwaloni kuzungumza na wazee wenzangu, akina mama wakianua dagaa.

Hapo mwaloni kijana mmoja anayefundisha Uraia aliniuliza: "Babu, Mwalimu Nyerere, mtu wa huku kwetu, Butiama, aliitambua Biafra ya Nigeria kama nchi. Mbona Katanga ya Kongo haikupata hata nchi moja ya kuitambua? Si zote zilijitenga?" Wazee walimjibu kwa habari za shaba na Wabelgiji, na hawakukosea. Kampuni ya shaba ya Union Minière ililipa kodi zake kwa serikali ya Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, siyo kwa serikali kuu ya Kongo huko Léopoldville, na bila fedha hizo Katanga isingedumu hata mwaka. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka minane wakati ule, na nakumbuka tulipogombana michezoni, aliyetusaliti tulimwita Chombe, yaani Tshombe. Lakini yule kijana nilimwambia aanzie kwingine kabisa, kwenye daftari la mahudhurio.

Uchaguzi wa Mei 1960 uliipa Katanga baraza la jimbo lenye wajumbe 60. CONAKAT, chama cha Tshombe, kilipata viti 25. Muungano wa BALUBAKAT, ulioongozwa na Jason Sendwe, ulipata 23. Waliobaki walikuwa wa vyama vidogo na wagombea binafsi, na wengi wao waliegemea kwa Tshombe. Sheria ya mpito waliyoachiwa na Wabelgiji ilisema serikali ya jimbo haichaguliwi mpaka theluthi mbili ya wajumbe wawe ukumbini. Theluthi mbili ya 60 ni 40. Watu wa Sendwe wakasusa. Toa 23 kwenye 60, unabaki na 37. Akidi imepungua watatu.

Kwa mtu wa kazi yangu hapo ndipo pa kusimama. Wajumbe 23, bila bunduki wala hotuba, waliuzuia mpango mzima kwa kubaki nje ya mlango. Nao wenye mpango hawakwenda kuwabembeleza warudi. Bunge la Ubelgiji, mbali huko Brussels, lilibadilisha sheria katikati ya Juni, wiki mbili kabla ya uhuru, wingi wa kawaida ukatosha. Baraza likakaa, Tshombe akapata serikali yake. Tarehe 11 Julai, siku 11 baada ya Kongo kupata uhuru, akatangaza redioni kwamba Katanga ni nchi. Katiba ilipitishwa na baraza Agosti. Yaani tamko lilitangulia, kura zikaja nyuma yake kulivalisha nguo.

Nimejiuliza mara nyingi mjumbe wa baraza lile alikuwa na kazi gani hasa. Bajeti ilitegemea kampuni, na jeshi liliongozwa na maofisa wa Kibelgiji na mamluki. Kaskazini, kwa Waluba waliowapigia kura wale 23, askari wa Katanga walichoma vijiji, na mwaka 1961 maelfu kwa maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa palepale Élisabethville, mji mkuu wenyewe. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alipigwa risasi katika ardhi ya Katanga, mawaziri wa Katanga wakiwepo. Waliouawa pamoja naye ni Maurice Mpolo na Joseph Okito. Okito alikuwa makamu wa rais wa Seneti ya Kongo. Kiongozi wa wabunge wa nchi nzima aliuawa usiku porini, na baraza la jimbo halikuulizwa neno.

Mara moja tu baraza lile lilitafutwa kwa udi na uvumba. Desemba 1961, kambini Kitona karibu na mdomo wa mto Kongo, Tshombe alisaini tamko la kukubali kwamba Kongo ni moja na rais wake ni Kasa-Vubu. Alipofika kwake akasema hana mamlaka ya kufunga jambo zito namna ile peke yake, lazima wajumbe wa baraza waridhie. Mtu aliyejitangazia nchi redioni sasa alikuwa mnyenyekevu mbele ya kikao! Baraza lilikaa, likajadili, na Februari 1962 likasema tamko lile ni msingi wa kuendelea na mazungumzo, basi. Vita na kujitenga viliendelea mpaka Januari 1963, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoingia miji yake. Wajumbe walitumika kama muhuri pale Tshombe alipotaka kwenda, na kama kisiki pale asipotaka kwenda.

Biafra ilikwenda kwa mpangilio mwingine. Tarehe 27 Mei 1967 baraza la mashauriano la Nigeria ya Mashariki lilikaa kwanza na kumpa gavana wake wa kijeshi, Ojukwu, idhini ya kujitenga, naye akatangaza tarehe 30. Nyuma ya uamuzi huo kulikuwa na mauaji ya Waigbo kaskazini mwaka 1966, na hilo ndilo Mwalimu alilolishika alipoitambua Biafra tarehe 13 Aprili 1968, wa kwanza Afrika: kwamba watu waliofukuzwa na kuuawa hawawezi kulazimishwa kuamini kuwa dola ile bado ni yao. Sisemi baraza lile lilikuwa safi. Jeshi lilikwisha kuvunja mabunge yote ya Nigeria Januari 1966, kwa hiyo waliokaa kwenye baraza hilo Enugu walikuwa wazee, machifu na watu walioitwa. Lakini waliulizwa kabla ya tamko. Yule kijana alinyamaza, kisha akasema, "Na wakafa kwa njaa zaidi ya milioni." Ni kweli, mjukuu wangu. Kuulizwa kwanza hakukuwaokoa.

Sasa niseme langu, maana ushuhuda usiomgusa anayeutoa haufai. Mwaka mmoja, katika halmashauri nisiyoitaja, ililetwa hoja ya kutoa eneo la malisho la vijiji viwili apewe mwekezaji. Madiwani kadhaa waliondoka ukumbini kwa makusudi ili akidi ivunjike. Niliwahesabu: hatukutimia. Aliyeongoza kikao aliniambia, "Hao wamesaini mahudhurio asubuhi, kwa hiyo wapo." Hoja ikapitishwa kwa "ndiyo" ya waliobaki. Nami niliandika kwamba wajumbe wote walikuwepo na waliafiki. Kikao kilichofuata, wakati wa kuthibitisha muhtasari, hakuna aliyesahihisha, kwa sababu makabrasha yaligawiwa mlangoni na watu hawakupata muda wa kusoma.

Miaka michache baadaye diwani mmoja wa wale waliotoka alinijia nyumbani na nakala ya ule muhtasari. Wanakijiji wake walikuwa wamemwekea mbele, jina lake likiwa kwenye orodha ya walioafiki. Ng'ombe wao walikuwa wameshaondolewa pale. Aliniuliza jambo moja tu: "Karani, mimi nilitoka au sikutoka?" Nilimwambia alitoka. Sikuwa na pa kuliandika tena.

Ndiyo maana wale 23 wa Katanga hawanitoki akilini. Sheria ilipinduliwa juu ya vichwa vyao, na Sendwe mwenyewe aliuawa Albertville mwaka 1964. Lakini orodha haikudanganya juu yao, na ndiyo maana leo naweza kuhesabu 60 toa 23 nikajua nani alisimama wapi.

Ndugu diwani, ndugu mbunge, ukitoka kikaoni kwa kupinga, usiende moja kwa moja kwenye gari. Pita kwanza meza ya pembeni, mwambie karani aandike saa uliyotoka na sababu. Kikao kinachofuata, kabla hujaunga mkono kuthibitishwa kwa muhtasari, usome. Nawe karani kijana uliyekaa nilipokaa mimi zamani, hesabu watu waliomo ukumbini, usihesabu saini za asubuhi.