Agosti au Desemba? Chagua Msimu Kabla ya Safari ya Kusini

Familia nyingi zinazopanga kwenda kuona wanyama kusini mwa Afrika hutanguliza swali la nauli. Swali la kwanza lingefaa kuwa hili: twende mwezi gani? Kosea msimu, na akiba ya miaka itaishia kutazama nyasi.

Misimu ya huko si kama yetu ya masika na vuli. Sehemu kubwa hupata mvua mara moja tu kwa mwaka, Novemba hadi Machi, kisha ukame hutawala tangu Mei hadi Oktoba. Cape Town ni kinyume. Mvua yake huja wakati wa baridi, Juni hadi Agosti.

Kwa wenye watoto shuleni, likizo ya Agosti ndiyo bora. Katika mbuga za Kruger, Afrika Kusini, na Etosha, Namibia, nyasi huwa zimekauka na wanyama hukusanyika penye maji. Mbu nao hupungua. Lakini alfajiri ni baridi kali, kwa hivyo msisahau sweta nzito.

Okavango, nchini Botswana, ina ajabu yake. Mvua inayonyesha katika nyanda za juu za Angola mwanzoni mwa mwaka husafiri miezi kadhaa, na mafuriko hufikia kilele kati ya Juni na Agosti, wakati ambapo mvua hainyeshi hapo. Mto huo haufiki baharini. Maji yake huishia katika mchanga wa Kalahari. Kasoro ni bei, kwani huo ndio msimu ghali.

Desemba kuna joto, mvua na nyasi ndefu zinazoficha wanyama, na hatari ya malaria huongezeka. Hata hivyo, swala huwa wamezaa, ndege wahamiaji wamewasili, na kambi nyingi za Botswana hupunguza bei.

Na maporomoko ya Victoria? Hujaa mno Aprili na Mei hata ukungu ukaziba macho. Kufikia Oktoba na Novemba, upande wa Zambia hubaki mwamba mtupu kwa sehemu kubwa. Agosti maji yangalipo, na yanaonekana.

Basi mwenye nafasi moja tu maishani na achague Agosti, aanze kuweka akiba mapema. Mwenye mfuko mwembamba na apendaye ndege, Desemba haitamvunja moyo. Kila msafiri achanjwe homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya kuondoka, na cheti akiweke pamoja na pasipoti.