Kigari cha Watoto Watatu

Mwaka 2009 nilinunua kigari cha mtoto kwenye mitumba ya Ilala kwa shilingi 45,000, nikakibeba begani mpaka nyumbani Upanga. Nilikibeba kwa sababu njia nzima sikuona pa kukisukuma. Hilo peke yake lingetosha kunizindua, lakini nilikuwa baba mpya, na baba mpya haambiliki.

Mke wangu ni muuguzi. Akitoka zamu ya usiku anataka nyumba iwe kimya angalau mpaka saa nne, na kifungua mimba wetu alikuwa mtoto wa kuamka saa kumi na moja alfajiri akidai kila kitu kwa pamoja. Kumtoa nje ikawa kazi yangu. Mbeleko nilijaribu. Mama mkwe alinifunga kanga kwa mikono yake, akazunguka nyuma kunitazama, akacheka mpaka akakaa chini: mtoto alikuwa ananing'inia kiunoni kama kibuyu cha mgema. Ndipo nikaenda Ilala. Kigari nacho mama mkwe hakukipenda. "Mtoto anabebwa, baba," aliniambia. "Kinachosukumwa ni mzigo."

Kutoka kwetu mpaka baharini si mbali. Unavuka Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, unashuka Sea View, unakutana na upepo. Kwa miguu, bila kigari, ni dakika ishirini. Kwa kigari, mwaka ule, ilikuwa saa nzima kasoro kidogo. Mitaa ya Upanga ina miti na kivuli ambacho Dar nzima inatuonea wivu, ila ukishatoka kwenye lami unaingia kwenye mchanga, ukitoka kwenye mchanga ni mtaro wazi, na baada ya mtaro ni ukuta wa mtu. Palipokuwa na njia ya miguu, ama gari limeegeshwa juu yake au mizizi imeinua zege kama mkate uliozidi hamira. Magurudumu ya mbele ya kigari yalikuwa madogo kama visosa. Yalitengenezwa kwa ajili ya sakafu za maduka ya Ulaya, na kwenye mchanga yalizama mara moja. Nikajifunza kugeuka na kukivuta kinyumenyume, mtoto akiangalia tulikotoka, mimi nikiangalia tunakokwenda.

Pale kona palikuwa na kijiwe cha kahawa. Kila asubuhi kijana mmoja pale aliniuliza swali lilelile: "Kaka, leo viazi bei gani?" Na kila asubuhi wenzake walicheka kama vile hawajawahi kulisikia. Mwanaume kusukuma mtoto peke yake, bila mwanamke pembeni, kilikuwa kioja. Makonda walinipigia miluzi. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini alinisimamisha, tukasalimiana vizuri, kisha akaniuliza kwa upole kabisa kama mama wa mtoto yu hai.

Lakini wale wale walionicheka ndio walionivusha. Kwenye Ali Hassan Mwinyi palikuwa na mama muuza karanga. Akituona tumesimama ukingoni, alishuka barabarani na sinia lake kichwani, akainua mkono mmoja, na magari yakasimama. Sijawahi kuona dereva aliyembishia. Siku moja, katika mtaa mmoja wa katikati ya jiji, gurudumu la mbele lilidumbukia kwenye mtaro ambao mfuniko wake wa chuma ulishakwenda kwa wauza vyuma chakavu. Kigari kiliinama, mtoto akaning'inia kwenye mikanda. Kabla sijapiga kelele, mama lishe alikuwa ameshamchomoa mtoto na kumweka begani, na vijana wawili, mmoja bado ameshika jozi za soksi alizokuwa anauza, wamekinyanyua kigari. Mtoto hakulia. Alipewa kipande cha chapati. Gurudumu lilikuwa limevunjika shina.

Nikakipeleka kwa fundi baiskeli aliyekuwa anafanyia kazi chini ya mkungu, jirani na kijiwe kile. Alikizungusha, akakipindua, akagonga fremu kwa kucha. Akaniambia kigari ni kizima, miguu ndiyo ya kizungu. Akayakata yale magurudumu manne, akaenda kuchomelea ekseli mbili za nondo, akaweka tairi za baiskeli ya mtoto, zile za inchi 12, za kujaza upepo. Toka hapo kigari hakikukata kona tena chenyewe: lazima ukandamize mpini, mbele inyanyuke, ndipo ugeuze. Ila kilipita kwenye mchanga, kwenye kokoto, kwenye madimbwi ya masika. Anayeniuliza leo anunue kigari gani namwambia asihangaike na rangi wala kile kipochi cha kuwekea chupa, atazame magurudumu tu.

Tairi hizo zilimgeuza hata mama mkwe. Jumamosi moja nilimkuta anarudi kutoka soko la Kisutu, mjukuu mgongoni kwenye kanga, amelala fofofo, na mbele yake anasukuma kigari kilichojaa nyanya, nazi na viazi mbatata. Kwa mujibu wa hoja yake mwenyewe, kila kimoja kilikuwa mahali pake. Kijiweni siku hiyo walipiga makofi.

Ukishafika baharini, taabu yote ilikwisha. Ukingo wa Ocean Road ndio ulikuwa matembezi pekee ya kweli kwa mtoto wa kigari mjini: sakafu pana, tambarare, mivinje juu, mawimbi chini ya ukuta, muuza madafu na baiskeli yake. Tulipita mbele ya hospitali ile ya Wajerumani ya mwaka 1897, ambayo sasa ni taasisi ya saratani, ambako asubuhi jamaa za wagonjwa walikaa kwenye majani na vyombo vya uji, na mara nyingi walikuwa wao wanaomwita mtoto aje wamshike kidogo. Sikuwahi kuwanyima. Tukiwa na muda tuliendelea mpaka Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1893, tukasimama chini ya mnazi wa Shelisheli na kusikiliza tausi. Kifungua mimba wangu alisema "tausi" kabla ya kusema "baba". Nimeshamsamehe.

Mwaka 2013 alikuja Rais Obama na ile barabara ikapewa jina lake. Sisi tunaendelea kuiita Ocean Road.

Wa katikati alizaliwa mwishoni mwa 2016, miezi michache baada ya mabasi ya Mwendokasi kuanza kati ya Kimara na Kivukoni. Mengi yamesemwa kuhusu Mwendokasi na sitayarudia. Nasema hili tu: kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kuishi Dar niliingiza magurudumu ndani ya basi bila kuyainua. Unapanda mteremko wa kituo, jukwaa liko sawa na sakafu ya basi, unasukuma, umeingia. Nilisimama pale ndani na mikono yangu haina la kufanya. Siku za kazi usithubutu, utamkuta mtoto Kimara na wewe umebaki kituo cha Fire. Ila Jumapili asubuhi, kutoka Fire kwenda Kivukoni, tulikuwa na basi karibu letu wenyewe. Kule mwisho tulilipa 200 tukapanda pantoni, kigari kikipita kwenye mlango uleule wa magari, tukavuka Kigamboni, tukageuka na pantoni hiyohiyo. Mtoto alidhani hiyo ndiyo safari yenyewe, na hakukosea.

Njia za miguu za Barabara ya Morogoro nazo zilikuwa jambo jipya: pana, zenye vigae, zilizoshushwa kwenye makutano ili gurudumu lishuke bila kuruka. Zilijaa biashara upesi kuliko zilivyojengwa. Viatu, chaja, maembe, vitabu vya kiada, vyote chini. Nilisukuma kigari nikisema "samahani, samahani" mpaka wa katikati akalichukua neno hilo likawa lake. Akiwa na miaka miwili aliingia kila chumba akisema samahani.

Kisha Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa pembezoni mwa barabara za jiji, wakaelekezwa kwenye masoko na maeneo waliyopangiwa. Kitinda mimba alikuwa na miezi mitano. Wiki iliyofuata nilitoka naye kama kawaida, na nikafika mjini kwa nusu ya muda. Sakafu yote ilikuwa mbele yangu. Ningekuwa mnafiki nikisema sikufurahi. Miaka kumi na miwili nilikuwa nimeililia hiyo sakafu. Nilikwenda mtaa kwa mtaa kama mtu aliyepewa funguo za nyumba. Ilikuwa tunarudi, mtoto ametupa kiatu mahali fulani njiani, ndipo nikagundua kwamba hakuna mtu wa kunipigia kelele "baba, kiatu!" Zamani kiatu hakikupita hatua tatu. Nilirudi nyuma mpaka Posta, sikukiona.

Na sakafu tupu haikai tupu. Baadhi ya wauzaji wamerudi kidogo kidogo, hilo sina neno nalo. Ninaowaogopa ni bodaboda, ambao wakiona foleni barabarani wanapanda juu kwetu, na honi juu, kana kwamba sisi ndio tumepotea njia.

Mwaka 2022 likafunguliwa Daraja la Tanzanite, mita 1,030 juu ya maji, kutoka upande wa Aga Khan mpaka Coco Beach. Kabla yake, kwenda Oysterbay na kigari maana yake ilikuwa daraja la Salenda, moshi wa magari upande mmoja, harufu ya mkondo wa Msimbazi upande wa pili, na wewe umebanwa katikati. Sasa unatoka Ocean Road unaendelea tu. Tulikwenda wote watano jioni moja, kusi inavuma, kifungua mimba akisukuma maana ameshakuwa mrefu kuliko mpini. Kila baada ya hatua chache tulipishana na vigari vingine, na vingi vilisukumwa na akina baba, vijana wenye viatu vya kukimbilia, masikioni wana vile vidude vya kusikilizia. Hakuna aliyewauliza bei ya viazi. Tulitazamana, tukapungiana vichwa. Coco tulikula mihogo, mtoto akakataa kurudi kukaa kwenye kigari, akatembea robo ya daraja kwa miguu yake, na baada ya hapo hakutaka kukaa humo tena.

Kikabaki nyuma ya mlango wa stoo mpaka mwezi uliopita, alipokuja kijana wa ghorofa ya juu, ambaye mkewe amejifungua. Akaniamkia, akasimama kidogo. "Mzee, nimesikia mna kile kigari cha tairi za baiskeli." Nikakitoa, nikakipangusa vumbi, nikamwonyesha namna ya kukandamiza mpini kwenye kona. Akajaribu pale kwenye korido, akaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Akabonyeza tairi kwa kidole gumba. Zilikuwa zimelala zote nne.

"Hizi upepo unajaziwa wapi?"

Nikafungua mdomo nimwelekeze kwa fundi wa chini ya mkungu. Mkungu upo. Nikamwambia anunue pampu.