Jina la Pamba

Siku ya tatu baada ya kumzika marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, tulikuwa tumeketi barazani hapa Mwanza pamoja na jamaa waliokuja kutupa mkono wa tanzia. Kijana wetu mdogo, ambaye hajatimiza miaka tisa, alitusogelea akauliza kwa sauti ya chini: "Baba, kwa nini babu alitiwa pamba? Na mbona kata yetu ni Pamba, na timu yetu nayo ni Pamba?" Wazee wakacheka kidogo, kama watu wachekavyo katika nyumba ya msiba, lakini sisi hatukuwa na jibu la haraka. Tukamwambia angoje. Haya, ndugu msomaji, ndiyo tuliyomjibu baadaye, pamoja na jambo moja ambalo hatujamwambia hata leo.

Neno lenyewe asili yake si la kwetu. Waajemi husema panba, na biashara ya baharini ndiyo iliyolifikisha mwambao, pamoja na bafta, ambalo nalo ni neno la Kiajemi lenye maana ya kitu kilichofumwa. Kutoka mwambao likapanda bara hata likalizunguka ziwa letu. Waganda walio ng'ambo ya kaskazini husema ppamba. Waarabu wana neno lao, qutn, na hilo halikutulia kwao: Waingereza wamelifanya cotton, na Wahispania wakalichukua pamoja na "al" yake, wakasema algodón. Kuna na watu walioshikwa na jina hilo wao wenyewe. Asomaye isnadi za Hadithi hukutana na Yahya bin Said al-Qattan wa Basra, aliyefariki mwaka 198 wa Hijra, bingwa wa kuwachunguza wapokezi. Na al-Qattan ni mtu wa pamba. Hata yule al-Hallaj aliyeuawa Baghdad mwaka 922, ambaye habari zake ni ndefu na hapa si mahali pake, lakabu yake maana yake ni mchambuaji wa pamba. Ama kitenzi chetu cha kupamba, hicho ni cha Kibantu na kina nasaba nyingine kabisa; lakini vijana wa leo wamekwisha kuviozesha, kwani nguo nzuri wanaziita pamba.

Basi mji wa Mwanza kuwa na kata ya Pamba na Barabara ya Pamba si ajabu. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za pamba ya nchi hii hulimwa katika ukanda huu wa ziwa na jirani zake. Reli ilipofika hapa mwaka 1928, marobota yakapata njia ya kwenda pwani. Huko Ukiriguru, si mbali na mji, wataalamu walizalisha mbegu zilizoitwa UK77 na UK91, na wako watu wazima wanaodhani herufi hizo ni za Uingereza, kumbe ni za Ukiriguru yetu. Na timu ile aliyoitaja kijana, ambayo wazee huiita TP Lindanda, ilirejea Ligi Kuu katika msimu wa 2024/25 baada ya kukaa nje zaidi ya miaka 20. Siku ilipopanda, marehemu alikuwa kitandani, naye alitaka asomewe habari hiyo mara mbili.

Lakini pamba ina mizani, na hapo ndipo penye maneno. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, walijiunga katika vyama kwa kuwa walichoka kupunjwa uzito na wanunuzi. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaunganishwa katika shirikisho moja. Babu yetu alikuwa miongoni mwa wakulima hao. Hata hivyo, sisi tulipokuwa na miaka kumi na miwili, tuliona kwa macho yetu karani mmoja wa mizani akituibia. Gunia tulilolipima nyumbani lilipungua njiani bila kutobolewa.

Tukapandwa na hasira ya kitoto. Usiku, tulipobaki na zamu ya kulinda magunia yaliyosalia, tulichota maji ndoo mbili tukayanyunyizia, kama tulivyosikia wengine wakifanya. Alfajiri baba alirudi kutoka msikitini akaweka kiganja juu ya gunia la kwanza. Hakupiga mtu. Aliyamwaga yote juu ya vichanja, na siku nne tukageuza pamba juani mikono ikituuma. Sehemu kubwa ilikuwa imebadilika rangi. Ikauzwa kama fifi, kwa bei ya fifi. Tulipomwambia kwamba karani ndiye aliyeanza, alisema: "Huyo ana hesabu yake, mwanangu. Na wewe unayo yako." Mwaka ule ada ya kaka yetu haikutimia. Alikaa nyumbani mwaka mzima, na shule hakurudi tena. Hajatuuliza kamwe ni nani aliyenyunyiza maji, nasi hatukumwambia. Tulidhani labda hajui.

Bibi Aisha, Mungu awe radhi naye, ameeleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikafiniwa kwa nguo tatu nyeupe za Yemeni, za pamba, bila kanzu wala kilemba. Hivyo ndivyo tulivyomfanyia baba yetu, kwa bafta iliyonunuliwa mjini. Baada ya kumwosha, sisi tulisimama upande wa kichwa na kaka yetu upande wa miguu. Ilipofika zamu ya pamba ya kafuri, yeye ndiye aliyeikata vipande. Kabla ya kutupa kipande cha kwanza alikiweka katika kiganja chake, kama baba alivyofanya alfajiri ile, akakibonyeza, kisha akatutazama usoni.

"Hii ni kavu," akasema, akatukabidhi.