Nyati, Ng'ombe na Kupe

Katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kusini, mfugaji akifiwa na ndama kwa homa, lawama yake ya kwanza humwendea nyati. Huona kundi la nyati likishuka mtoni jioni, naye hujua ya kuwa asubuhi ng'ombe wake watakanyaga nyasi zile zile. Moyo wake humwambia ya kuwa nyati wakiuawa wote, mali yake itapona. Neno hilo lina ukweli ndani yake, wala si la kuchekwa. Maana ng'ombe ndio ada ya shule ya mtoto, na mahari ya kijana, na maziwa ya mgonjwa. Lakini ukweli wake ni nusu tu, na mtu ahukumuye kwa nusu ya ushahidi huweza kumfunga asiye na hatia, akamwacha mwizi akitembea. Basi yafaa kuwaita wote watatu, nyati, ng'ombe na kupe, na kuchunguza kazi ya kila mmoja.

Kupe ni wa jamaa ya buibui. Akiwa mzima ana miguu 8. Wako kupe wa namna nyingi, lakini huyu aletaye ndigana kali ni kupe wa rangi ya hudhurungi, apendaye kukaa katika masikio ya mnyama. Mtoto akiinua sikio la ng'ombe asiyetunzwa, atawaona wamejipanga kama mbegu zilizobandikwa kwa gundi. Jike akiisha kushiba damu huanguka chini, hujificha penye majani makavu au katika ufa wa udongo, hutaga mayai zaidi ya 3,000, kisha hufa. Katika mayai hayo hutoka watoto wadogo kama chembe za mchanga, wenye miguu 6. Hao hupanda juu ya jani la nyasi, hufika ncha yake, hunyosha miguu ya mbele, hungoja. Katika miguu hiyo mna kiungo cha kunusia, ambacho kwacho kupe hutambua pumzi ya mnyama apitaye. Mnyama akigusa nyasi, kupe hushika manyoya.

Mtoto wa kupe akiisha kunyonya siku chache huanguka, hujibadili ngozi, huwa na miguu 8. Hupanda nyasi tena, hushika mnyama wa pili, hunyonya, huanguka, hujibadili mara ya mwisho, huwa kupe mzima. Ndipo hutafuta mnyama wa tatu. Basi katika maisha yake yote kupe huyu hula mara tatu tu, na kila mara kwa mnyama mwingine. Kati ya mlo na mlo huweza kungoja muda mrefu sana; kupe mzima huweza kuishi bila chakula zaidi ya mwaka mmoja. Mtu mwenye haraka hamwezi adui mwenye subira kama hiyo.

Katika milo hiyo mitatu ndimo ulimo ugonjwa. Kupe hazaliwi na ndigana kali, kwa maana kijidudu chake hakipiti katika mayai. Huupata ugonjwa akiwa mchanga, anyonyapo damu ya mnyama mwenye kijidudu, naye huutua katika mlo wake unaofuata. Tena akiisha kuutua, umekwisha. Hauendi nao mlo mwingine. Hata mlo huo ukiwa wa sungura au wa mbuzi, ambaye hashikwi na ndigana kali, mzigo wa kupe humwisha vivyo hivyo. Kwa hiyo si kila mnyama wa porini alishaye kupe ni mwenye kueneza homa. Sungura na swala pala hulisha kupe wachanga kwa wingi, lakini ndigana kali haitoki kwao. Mara nyingi huishia kwao.

Ng'ombe aliyeumwa na kupe mwenye ugonjwa haonyeshi neno kwa siku za kwanza. Baada ya wiki moja au mbili tezi iliyo chini ya sikio huvimba. Kisha homa hupanda, ng'ombe huacha kula, hubaki nyuma ya kundi, macho hutoa machozi. Kijidudu kimeingia katika chembe nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kuulinda mwili, nacho kimezifanya zizae bila kiasi na kukizalisha pamoja nazo. Ni kama adui aliyeingia kambini akawaamuru askari wenyewe. Mwisho mapafu hujaa maji, povu hutoka puani, na mnyama hufa kwa kukosa pumzi. Wamaasai, waliojua ugonjwa huu kabla ya darubini kufika, huuita oltikana. Hata leo inakisiwa kuwa huua ng'ombe wapatao milioni moja kila mwaka katika nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika.

Sasa na aitwe nyati. Yeye huchukua kijidudu kile kile katika damu yake. Ndama wa nyati hukipata angali mdogo, naye hukaa nacho miaka mingi bila kuugua. Sababu yake ni urafiki wa zamani. Nyati, kupe na kijidudu wameishi pamoja katika nchi hii tangu zama zisizohesabika, hata kila mmoja amejifunza kumvumilia mwenzake. Ng'ombe alikuja baadaye sana, akiongozwa na wachungaji kutoka kaskazini. Yeye ndiye mgeni katika nyumba ya watu, na mgeni huyo hulipa gharama ambayo mwenyeji amekwisha kuilipa zamani.

Nyati basi ana neno la kujibu. Ng'ombe wakilisha mahali palipopitiwa na nyati, kupe hutoa kijidudu kwa huyu na kukitia kwa huyu. Homa ipatikanayo hivyo ni kali sana. Kule Zululand, katika Afrika ya Kusini, ilitambuliwa katika miaka ya 1950 katika ukanda wa nchi ulio kati ya hifadhi za Hluhluwe na Umfolozi. Lakini hapa pana jambo la ajabu. Ng'ombe auguaye homa ya nyati mara nyingi hufa upesi, kabla ya kijidudu kuzaana vya kutosha katika chembe nyekundu ambazo kupe huzinyonya. Kwa hiyo homa hiyo huua, lakini haisafiri vema kutoka ng'ombe kwa ng'ombe. Ugonjwa uliomaliza mazizi ya nchi nzima nzima ulitembea kwa miguu ya ng'ombe.

Habari hii inaonekana wazi katika mambo yaliyotokea mwanzoni mwa karne ya 20. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika tangu kaskazini hata kusini, ukaua ng'ombe wengi mno, na nyati na pofu na tandala pamoja nao. Watu wa kusini walipotaka kujaza tena mazizi yao, ng'ombe waliletwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki mpaka Beira. Mwaka 1901 na 1902 ng'ombe wa Rhodesia walianza kufa kwa homa ngeni, nayo ikaingia Transvaal na Natal. Nyati wakati huo walikuwa wachache, maana sotoka ilikuwa imewafyeka. Homa ilifuata njia za magari ya kukokotwa na maksai, ikashuka pamoja na kupe katika kila kituo cha kulisha. Mwaka 1904 Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu huko Cape, alikuwa amekwisha kuonyesha kwa majaribio ya kuwa kupe wa masikio ndiye aichukuaye. Arnold Theiler, daktari wa wanyama huko Pretoria, aliichunguza homa hiyo kwa bidii, na jina la kijidudu, Theileria, limetokana na jina lake.

Maarifa hayo ndiyo yaliyowaokoa. Wafugaji walichimba majosho, wakaogesha ng'ombe kila baada ya siku chache. Kwa maana kupe akiisha kuuma hukaa kama siku 3 au 4 kabla ya sumu yake kuiva katika tezi za mate, na afaye kabla ya siku hizo hufa na ugonjwa wake. Walizuia ng'ombe kuhamishwa ovyo. Malisho yaliyoharibika yaliachwa bila ng'ombe miezi 15 na zaidi, hata kupe wenye ugonjwa wakafa kwa njaa au wakautua kwa wanyama wengine. Ilichukua nusu ya karne, lakini katika miaka ya 1950 homa ile ya ng'ombe kwa ng'ombe ilikuwa imeondolewa Afrika ya Kusini, na nyati wa hifadhi wangali wanaishi huko.

Wanyama wa porini wenyewe hawakai mikono mitupu mbele ya kupe. Swala pala huchana manyoya yake kwa meno ya mbele ya chini, na pale asipoweza kufika, shingoni na kichwani, mwenzake humchana, naye humlipa mwenzake kwa zamu. Juu ya mgongo wa nyati na twiga hupanda shashi, ndege mwenye makucha makali, akiokota kupe mmoja mmoja. Mahali ambapo dawa kali za josho zilitumiwa zamani bila hadhari, ndege hawa walipungua, na watu wakapoteza mfanyakazi asiyedai mshahara.

Hata ng'ombe aweza kufanywa askari. Huko Laikipia, nchini Kenya, wataalamu walihesabu kupe katika nyasi, wakaona ya kuwa mahali ambapo ng'ombe waliotiwa dawa walilisha pamoja na wanyama wa porini, kupe walipungua sana. Kupe hupanda juu ya ng'ombe akidhani amepata chakula, kumbe amepanda juu ya mtego.

Tena iko kinga ya sindano. Katika miaka ya 1970, huko Muguga karibu na Nairobi, wataalamu walisaga kupe wenye ugonjwa, wakatoa vijidudu hai, wakaviingiza katika ng'ombe pamoja na dawa ya kuzuia homa. Ng'ombe huugua kidogo au haugui kabisa, kisha mwili wake hukumbuka. Wafugaji wengi wa kaskazini ya Tanzania wamechanja ndama zao kwa njia hiyo. Lakini kinga hiyo haitoshi sikuzote pale ng'ombe wanapolisha karibu na nyati, kwa maana vijidudu vya nyati ni vya namna nyingi kupita vile vya ng'ombe. Kwa hiyo mchungaji mwenye busara huchanja, huogesha, na pamoja na hayo huyaepuka malisho yaliyolaliwa na nyati.

Hukumu basi ni hii. Nyati ana ugonjwa, lakini hakuutafuta, wala hafuati ng'ombe mazizini. Kupe huuchukua, naye haendi mbali kwa miguu yake mwenyewe. Huenda kadiri mnyama amchukuavyo. Mtu ndiye ahamishaye ng'ombe kwa meli na kwa gari, ndiye auzaye mnyama mgonjwa mnadani usiku ili asigundulike, na ndiye aachaye josho likauke kwa kuona taabu ya kuteka maji. Wahenga walisema, Kikulacho ki nguoni mwako. Mwenye ng'ombe atazamaye porini kwa hasira, na asitazame ndani ya sikio la ndama wake, atawaua nyati wote wa nchi, na homa itabaki zizini.

Na kijana apewaye kazi ya kuchunga asiidharau. Kila asubuhi ashike sikio la kila ndama, apapase tezi iliyo chini yake, aangalie ni nani amebaki nyuma ya kundi. Tezi ikivimba, ampashe baba yake habari siku ile ile, wala si kesho. Kwa maana dawa za ndigana kali ziko, nazo huponya zikitolewa mapema, lakini mapafu yakiisha kujaa maji hazifai kitu.