Bingwa na Mshindi

Katika kurasa za michezo, maneno bingwa na mshindi hutumiwa kana kwamba ni pacha. Sarufi haiyaoni hivyo. Mshindi ni nomino iliyozaliwa na kitenzi shinda, na ukoo wake u wazi: mshindani ni anayepambana, mshindi ni aliyefaulu, naye mshinde, kwa badiliko la irabu moja tu ya mwisho, ndiye aliyeangushwa. (Inasikitisha kwamba neno hili la tatu, fupi na safi, limeachwa lichakae huku watangazaji wakihangaika na “timu iliyoshindwa”.) Hakuna mshindi pasipo mshinde.

Bingwa halina ukoo wa namna hiyo. Halinyambuliwi kutokana na kitenzi chochote kinachotumika leo, na wingi wake, mabingwa, huliweka safu moja na magwiji na majagina, maneno yanayosifu kimo cha mtu katika kazi yake. Maana yake ya msingi ni mtu hodari, mjuzi wa jambo. Maana hiyo ingali hai kabisa nchini Tanzania, ambako daktari bingwa ni yule aliyebobea katika tawi moja la tiba. Hakuna mgonjwa anayeuliza alimshinda nani.

Ni viwanja vya michezo vilivyolitwika neno hili kombe. Hata huko mzigo haujatulia. Katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya msimu wa 2023/24, Yanga waliingia kama mabingwa wa Tanzania na Simba kama timu ya pili, na zote mbili zikafika robo fainali. Wapo wanaoliona jina la ligi hiyo kuwa uongo. Yamkini wanasoma “washindi” palipoandikwa “mabingwa”.

Mfano mgumu zaidi ni wa Mkenya Paul Tergat. Katika mbio za mita 10,000 za Olimpiki alitanguliwa na Haile Gebrselassie wa Ethiopia mara mbili, Atlanta 1996 na Sydney 2000, na mara hii ya pili tofauti ilikuwa sekunde 0.09. Kwa sarufi, Tergat alikuwa mshinde. Lakini tangu 1995 hadi 1999 alikuwa ametwaa taji la dunia la mbio za nyika mara tano mfululizo, na mwaka 2003 mjini Berlin akaweka rekodi ya dunia ya marathoni, saa 2:04:55. Aliyemwita bingwa siku ile ya Sydney hakukosea Kiswahili.